BILARZIOZI: UJUE MAHALI UNAPOINGIA MAJINI

Ndugu mfanyakazi, nawe mama wa nyumbani, siku za mapumziko kuna wanaokwenda kuvua samaki ao kutembelea jamaa kando ya maji. Basi soma somo hili, maana bilarziozi, ndiyo kichocho, ni ugonjwa wa maziwa na mito ya Katanga tangu zamani.

Unaambukizwa namna gani?
Mgonjwa anakojoa ao anakwenda haja kubwa majini. Mayai ya minyoo yanaanguka humo, na vijidudu vinatoka na kuingia ndani ya konokono wa maji. Majuma machache yakipita, konokono anatoa vijidudu vipya kwa wingi, hasa jua likiwa kali. Hivyo vinapenya ngozi ya mtu kwa dakika chache tu, hata ngozi isiyo na kidonda.

Hatari iko wapi?
Ziwa lote si sawa. Konokono wengi wanakaa pembeni, maji yanapotulia, penye majani na matope. Tena vijidudu haviishi kupita siku moja ao mbili. Kwa hiyo pabaya kabisa ni pale watu wanaposhuka kila siku: penye kufulia, penye kuteka maji, penye kufungia mitumbwi. Kwenye ziwa Albert na ziwa Victoria, waganga walipopima watu, vijiji vya ukingoni vilikuwa na wagonjwa wengi kuliko vijiji vya mbali. Wanaopatwa zaidi ni watoto wa shule, wavuvi na wamama wanaofua.

Dalili
Aina moja inaleta damu katika mkojo, na kwa wanawake inaweza kuleta vidonda vya uzazi. Aina nyingine inaleta maumivu ya tumbo na kuhara damu. Baada ya miaka inaharibu ini. Wengi hawasikii kitu kwa muda mrefu.

Tufanye nini?
1. Tumia choo, hata ukiwa kambi ya uvuvi. Usijisaidie majini wala ukingoni.
2. Watoto wasioge ziwani penye majani.
3. Maji ya kuoga yachemshe, ao yateke bila konokono, yafunike siku mbili nzima.
4. Ukilazimika kuingia matopeni, vaa viatu virefu vya mpira.
5. Ukiwa na ugonjwa, meza vidonge vya prazikwanteli vyote kama mganga alivyovihesabu kwa uzito wako. Vinaua minyoo iliyokomaa, lakini havizuii mpya kuingia. Ukirudi maji yaleyale, utaugua tena.

Mzazi, wako wanaosema kwamba damu katika mkojo wa kijana ni alama ya kukua. Si kweli! Mpeleke dispansere. Mkojo wake uchukuliwe karibu na saa sita ya mchana, kwani ndiyo saa mayai yanaonekana vizuri.