Unauza taa za tenki la samaki? Usiuze rangi, uza mwanga

Somo la leo mimi lilinigharimu hela, wewe lichukue bure.

Niliwahi kumuuzia dada mmoja wa Dar taa ya bluu pamoja na mafungu mawili ya mimea hai ya tenki la samaki. Nikapakia mzigo kwenye basi hapa Kibiti, akapokea, akanitumia picha. Samaki wanameta hatari! Wiki ya nne ikaja picha nyingine: majani kahawia, yanaoza. "Kaka, umeniuzia takataka."

Nikamrudishia hela yote pamoja na nauli ya mzigo. Mimea ilikuwa mizima kabisa. Nilikosea kwenye taa, kwa sababu niliichagua kwa kupendeza kwake.

Mmea unatengeneza chakula chake kwa mwanga, na unatumia sana mwekundu na wa bluu kwa pamoja. Taa ya bluu tupu ni ya urembo. Ya kukuzia mimea iwe nyeupe kama mchana. Angalia boksi, imeandikwa 6500K. Ile ya 3000K ni ya njano njano, tenki litaonekana kama lina chai.

Sasa kabla hujatuma mzigo, muulize mteja maswali manne:

1. Unapanda mmea gani?
Anubias ni ya Afrika Magharibi na Kati, imezoea vijito vya kivulini, inatosheka na mwanga mdogo. Mimea myekundu na ile inayotambaa chini kama zulia inataka mwanga mkali. Mteja anayeanza, mpe Anubias.

2. Tenki lina ukubwa gani?
Zidisha urefu, upana na kina kwa sentimita, gawanya kwa 1,000, unapata lita. Tenki la 60 x 30 x 30 ni lita 54. Usihesabu wati, hizo ni umeme unaoliwa. Hesabu lumeni, ndiyo mwanga wenyewe. Kwa mimea isiyo na makuu kadiria lumeni 10 hadi 20 kwa lita. Tenki hilo linataka kama lumeni 800, na balbu nyingi za LED za wati 9 zinafika hapo. Yaani hata balbu ya duka la vifaa vya umeme, ikifungwa kwenye kofia inayoelekeza mwanga chini, inafanya kazi.

Kina nacho uulize. Sisi wa Rufiji tunajua: maji ya tope mwanga haufiki chini, ndiyo maana yungiyungi anapeleka majani juu. Tenki refu kwenda chini linataka taa yenye nguvu zaidi.

3. Utawasha saa ngapi kwa siku?
Saa 8 zinatosha. Wengi wanawasha toka asubuhi mpaka usiku wa manane, halafu wanalalamika kioo kina utelezi wa kijani. Huo ni mwani, unashiba mwanga uliozidi. Hapo muuzie na taima. Faida kwako, nafuu kwake.

4. Tenki liko wapi?
Likiwa dirishani, jua linaleta mwani na kuchemsha maji. Mwambie alisogeze. Pia waya ushuke chini ya soketi kwanza ndipo upande, ili maji yakifuata waya yadondoke sakafuni, yasiingie kwenye umeme.

Mteja akiogopa LUKU, mpigie hesabu. Wati 9 kwa saa 8 ni wati-saa 72 kwa siku. Kwa siku 30 ni uniti 2 na kidogo. Mteja akiona hesabu, ubishi unaisha.

Siku hizi kila posti yangu ya taa naandika vitu vitatu: lumeni, 6500K, na tenki la lita ngapi inafaa. Taa ya bluu bado ninayo, ila chini yake nimeandika: "Ya urembo, haikuzi mimea." Wapo wanaoghairi wakisoma hivyo. Waache waende. Bora ukose oda moja leo kuliko kurudisha hela na nauli mwezi ujao.

Leo rudi kwenye posti zako. Kama unauza taa na hujaandika lumeni, soma boksi, ongeza. Kama boksi halijaandikwa, muulize aliyekuuzia kabla mteja hajakuuliza wewe.