Vumbi la kazi lisimfikie mtoto: siku moja ya mama na binti yake



Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya kaski, viatu vya kazi, miwani na maski. Leo tunaacha mgodi na kiwanda, tunaingia ndani ya lupango. Sababu ni hii: kuna hatari moja ya kazi isiyobaki kazini. Inapanda gari pamoja na mfanyakazi, inaingia nyumbani bila kupiga hodi, na anayeipokea wa kwanza ni mama. Wa pili ni mtoto wake mdogo. Hatari hiyo ni vumbi la madini.

Tufuate siku moja ya mama na binti yake wa miaka mitatu. Tuone ni saa gani vumbi linamkuta mtoto, na namna ya kulifungia njia.

1. VUMBI HILO NI NINI?

Mji wetu wa Lubumbashi ulianza mwaka 1910, na mwaka 1911 tanuru la kuyeyusha shaba likaanza kazi. Mji umekua pembeni ya tanuru. Kila mtu anajua bomba refu la moshi na mlima mweusi wa mabaki ya madini. Vumbi la kazi ya namna hii si udongo mtupu. Ndani yake kuna shaba na kobalti, na mara nyingine risasi (ndiyo plombi), arseniki, kadimi na uraniumu.

Mwaka 2009 waganga wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kupima mkojo wa watu wa Katanga. Waliokaa karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha walikuwa na madini mengi mwilini kupita waliokaa mbali, na kobalti ilionekana zaidi kwa watoto. Mwaka 2018 matokeo mengine yalitoka Kolwezi, katika mtaa wa Kasulo, ambako watu walichimba kobalti hata ndani ya malupango yao. Watoto wa huko walikuwa na kobalti katika mkojo mara 10 kupita watoto wa mahali pengine. Watoto hao walilala, walikula na kucheza mahali penye vumbi, basi.

2. KWA NINI MTOTO ANAUMIA KUPITA MKUBWA?

Kwanza, mtoto anaishi chini. Anakaa chini, anatambaa, anaokota kitu, anaweka kidole mdomoni. Mkubwa anakanyaga vumbi, mtoto analila.

Pili, tumbo la mtoto linapokea sumu kwa urahisi. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mtoto mdogo akimeza risasi, mwili wake unachukua mara 4 au 5 kupita mwili wa mtu mkubwa aliyemeza kiasi kilekile. Tena, mtoto asiye na chuma cha kutosha katika damu anachukua risasi nyingi zaidi.

Tatu, ubongo wake ungali unajengwa. Risasi inapunguza nguvu ya kujifunza na ya kutulia. Mtoto haanguki siku moja. Anakua, anaenda masomo, na mwalimu anasema hasikilizi. Hakuna kipimo cha risasi kinachojulikana kuwa hakina hatari, na ubongo ulioharibika hivi haurudi kama kwanza. Kwa hiyo dawa kubwa ni kuzuia mbele.

3. SIKU YA MAMA NA BINTI YAKE

Binti wa miaka mitatu hamwachi mama. Mama akifagia, naye anatafuta kaufagio kake. Mama akifua, naye anataka kuingiza mikono ndani ya beseni. Ni jambo zuri, ndiyo namna ya kujifunza kazi za nyumba. Lakini angalia vema: palepale mtoto anapoiga kazi ya mama, ndipo vumbi linapomkuta. Hatusemi mama amfukuze mtoto. Tunasema achague kazi ya kumpa.

Asubuhi: kufagia. Kufagia kukavu kunainua vumbi, na uso wa mtoto uko karibu na ufagio. Nyunyiza maji kwanza, kisha fagia. Ndani ya nyumba pitisha kitambaa kilicholowa, ukisuuze mara kwa mara. Wakati wa kiangazi, upepo unapopeperusha vumbi, fanya hivi kila siku. Mtoto asifagie, mpe kazi ya kupanga viatu vya nyumbani au kukunja kitenge.

Saa ya kufua. Hii ndiyo saa mbaya kupita zote. Mama wengi wanakung'uta nguo ya kazi kwanza, mtoto akiwa pembeni, na vumbi lote linawaingia puani. Usikung'ute. Fanya hivi:

– Weka nguo za kazi peke yake, usizichanganye na nguo za mtoto, vitenge wala mashuka.
– Zilowanishe kwanza katika maji mengi, ndipo uzishike na kuzisugua.
– Uwe na beseni moja la nguo za kazi tu. Beseni hilo lisioshe mboga, lisioshe mtoto, lisichote maji.
– Maji machafu yamwagwe mbali na kisima, mbali na shamba la lengalenga na mahali mtoto anapocheza.
– Ukimaliza, osha mikono na sabuni mpaka kwenye kiwiko, ndipo umbebe mtoto au umpe ziwa.

Binti akilia kwamba anataka kufua, mpe kopo lake la maji safi na kitambaa chake, akae mbali kidogo. Atafua naye, na roho yake itatulia.

Saa ya kupika na kula. Osha sombe, kalembula na lengalenga kwa maji mengi, mara mbili au tatu, maana vumbi linashika kwenye majani. Funika sufuria kwenye mbabula. Kabla ya kugusa bukari, wote waoshe mikono na sabuni, na mtoto kwanza. Kata kucha zake fupi. Kama kuna namna, mpe maharagi, ndakala, nyama kidogo au yai pamoja na mboga za majani. Mtoto aliyeshiba, mwenye damu nzuri, anajikinga kupita mtoto mwenye njaa. Na mama anayenyonyesha asiache: faida ya maziwa yake ni kubwa.

Usichote maji wala usiweke unga katika pipa au bidoni iliyobeba asidi au dawa za kiwanda, hata kama imeoshwa mara kumi. Vitu hivyo havifai kutoka kazini kuja nyumbani.

Magharibi: baba anarudi. Binti anasikia sauti ya baba, anakimbia, anamrukia na kumkumbatia miguu. Ni furaha ya kila nyumba. Lakini kama baba amevaa nguo za kazi, uso wa mtoto unaingia ndani ya vumbi. Baba aseme: «Ngoja mama, ninaoga kwanza.» Siku mbili tatu mtoto atalia, kisha atazoea. Tena yeye mwenyewe atamkumbusha baba kuoga.

4. KAZI YA BABA

Tusimwachie mama mzigo wote. Vumbi limetoka kazini, na baba ndiye wa kwanza kulizuia.

– Kama kazini kuna mahali pa kuoga na kubadili nguo, oga huko, usivae nguo za kazi njiani.
– Kama hakuna, vua viatu na nguo nje, nyuma ya nyumba, uziweke ndani ya mfuko na kuufunga.
– Viatu vya kazi visipite mlango. Kaski na maski visiwe vya mtoto kuchezea.
– Usilete mawe ya madini nyumbani, wala usihifadhi mifuko ya madini ndani ya chumba watu wanapolala.
– Fua nguo zako mwenyewe siku ya mapumziko, zaidi kama mama ana mimba. Hakuna haya.

Mahali pa kuoga na kufua nguo za kazi ni jambo la usalama kama kaski. Kama hapako, wajumbe wa wafanyakazi walipeleke neno hilo katika mkutano wa usalama.

5. MAMA MWENYE MIMBA

Risasi iliyoingia mwilini zamani inajificha ndani ya mifupa. Wakati wa mimba inaweza kutoka na kumfikia mtoto tumboni. Kwa hiyo mama mwenye mimba asifue nguo za kazi. Na ule udongo mweupe, pemba, unaouzwa sokoni na ambao mama wengi wanautamani, unaweza kuwa na risasi, heri kuuacha.

Mwaka 2020 waganga walitangaza utafiti uliofanyika hapahapa Lubumbashi. Walilinganisha watoto 138 waliozaliwa na kilema cha kuonekana na watoto 108 wasio na kilema. Kilema kilionekana zaidi kwa watoto ambao baba zao walifanya kazi ya madini. Maana yake si kwamba kila mchimbaji atazaa mtoto mwenye kilema. Watoto wengi wa wachimbaji wanazaliwa wazima. Lakini maneno haya yanafundisha jambo moja: mtoto akizaliwa na kilema, watu wasikimbilie kusema mama amelogwa, au amevunja mwiko, au ametembea vibaya. Mama wengi wamefukuzwa kwa maneno ya namna hiyo. Mtoto apelekwe hospitali, na mama asaidiwe.

6. TWENDE DISPANSERI WAKATI GANI?

Mpeleke mtoto kama anaumwa tumbo mara kwa mara bila kupata choo, kama damu imepunguka na viganja vimekuwa vyeupe, kama amekosa hamu ya kula, kama hakui, au kama anachelewa kusema na kujifunza. Alama hizi zinaweza kutoka kwa malaria au minyoo pia. Usiamue mwenyewe. Mtoto akishikwa na kifafa au kuzimia, kimbia hospitali saa ileile. Na kila mara umwambie munganga baba anafanya kazi gani na mnakaa wapi. Bila neno hilo munganga atatafuta malaria tu.

MAULIZO YA KUJIPIMA NYUMBANI

1. Nguo za kazi zinawekwa wapi leo usiku, na mtoto analala wapi?
2. Beseni la nguo za kazi ni lipi? Kila mtu wa nyumba analijua?
3. Baba anaoga kabla ya kumbeba mtoto, au nyuma yake?
4. Kuna pipa la kiwanda ndani ya lupango? Linatumika kwa nini?
5. Binti anaposaidia mama, anapewa kazi gani?

Someni maulizo haya pamoja, baba na mama, mbele ya chakula cha jioni. Kama mmejibu vibaya kwa moja, lianzeni hilo kesho asubuhi; mengine yatafuata.