Faraja ya Moyo Baada ya Matibabu ya Saratani ya Kichwa na Shingo

Saratani ya kichwa na shingo ni jina la jumla la saratani zinazoota katika kinywa, ulimi, koo, pua, tezi za mate na zoloto, yaani kile kisanduku cha sauti kilichomo shingoni. Hutibiwa kwa upasuaji, kwa mionzi na kwa dawa, aghalabu kwa kuchanganya njia hizo. Juu ya matibabu hayo yamekwisha andikwa mengi. Lisiloelezwa sana ni hali ya mgonjwa siku ile anapoambiwa kwamba matibabu yamekwisha na kwamba aende nyumbani. Jamaa humpokea kwa shangwe, wakidhani ugonjwa umebaki hospitali. Kumbe yeye mwenyewe anaingia katika kipindi kizito kuliko kile alichotoka.

Sababu ya kwanza imo mwilini. Mionzi hutolewa kidogo kidogo, kwa kawaida siku 5 za juma, kwa majuma 6 au 7. Vidonda vya kinywani huzidi kuwa vikali kuelekea mwisho, na huendelea hivyo kwa juma moja au mawili hata baada ya mashine kuzimwa. Tezi za mate, ambazo kwa mtu mzima mwenye afya hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku, hudhoofika au kukauka kabisa. Ladha hupotea kwa miezi kadhaa. Taya hukaza, sehemu ya chini ya kidevu huvimba, na uchovu humwandama mtu hata akilala usiku kucha.

Sababu ya pili ni upweke, nao huja ghafula. Kwa miaka mingi Ocean Road, Dar es Salaam, ndiyo hospitali ambayo Watanzania walisafiri kwenda kupata mionzi, wengine kutoka mikoa iliyo umbali wa zaidi ya kilomita 1,000; baadaye Bugando, Mwanza, nayo ikaanza kutoa huduma hiyo. Mgonjwa wa namna hiyo hukaa karibu miezi miwili akingoja zamu kwenye benchi lilelile, pamoja na watu wenye makovu kama yake. Hapo haulizwi kwa nini anatema mate kwenye kitambaa. Akifika kijijini ndiye peke yake mwenye uso ule, na muuguzi aliyemjua kwa jina yuko mwendo wa siku mbili.

Pengine hakuna mahali ambapo upweke huo huonekana wazi kama kwenye chakula. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki watu hula pamoja, kwenye sinia moja. Mtu asiye na mate hawezi kumeza tonge la ugali. Humganda kwenye kaakaa. Pilipili humchoma, ndimu humuuma, nyama humgeukia kuwa kama nyuzi za katani. Hula polepole mno, akisukumia kila tonge kwa maji, na iwapo kaakaa lilikatwa, chakula chaweza kutokea puani. Basi huanza kusema hana njaa. Baadaye hula peke yake chumbani, na nyumba nzima huona kwamba amesusa, au kwamba anaringa kwa kuwa amekaa mjini.

Kumbembeleza ale hakusaidii. Kinachosaidia ni kupikiwa uji wa maziwa, mtori, au viazi vya kupondwa vyenye mchuzi mwingi, akawekewa bakuli lake palepale wanapokula wengine, na mtu mmoja akabaki naye mpaka amalize. Bakuli hilo liwe la peke yake kwa sababu ya aina ya chakula, si kwa sababu ya hofu. Saratani haiambukizwi kwa kijiko wala kikombe, na mionzi itokayo katika mashine iliyo nje ya mwili haibaki ndani ya mgonjwa. Akitaka kumpakata mjukuu wake, na ampakate siku hiyohiyo.

Waliotolewa zoloto wana shida yao nyingine. Upasuaji huo, ambao Theodor Billroth aliufanya Vienna mwaka 1873, humwacha mtu akipumua kwa tundu la shingoni. Sauti hupotea, lakini si sauti peke yake: kwa kuwa hewa haipiti tena puani, harufu nayo hupungua sana, na mama hawezi tena kupuliza moto wa jikoni. Mwalimu hana la kusimamia darasani, mwanakwaya hana nafasi yake kanisani, mwadhini hawezi kuadhini. Zipo njia za kurudisha usemi. Baadhi hujifunza kumeza hewa na kuitoa kwa mtetemo wa umio. Wengine hushika shingoni kifaa cha betri. Na tangu Mark Singer na Eric Blom wa Marekani walipochapisha njia yao mwaka 1980, wapo wanaowekewa vali ndogo baina ya koo la hewa na umio. Sauti inayopatikana ni nzito na ya kukwaruza. Jamaa hana budi kuizoea, na hasa hana budi kungoja. Kummalizia mgonjwa sentensi, japo kwa nia njema, ni kumnyang'anya mara ya pili kile alichonyang'anywa na kisu. Asiyeweza kusema bado na apewe daftari au simu ya kuandikia. Asiyejua kusoma, aulizwe maswali ya ndiyo na hapana.

Desturi ya kwenda kumpa mgonjwa pole ni hazina, ila ina kasoro moja: wageni hujaa siku za mwanzo, wakati mgonjwa hana nguvu hata ya kukaa, kisha hukoma mwezi wa tatu, wakati anapowahitaji. Wageni wakipangwa mmoja mmoja, nao wakakubali kukaa kimya, hufaa zaidi kuliko umati. Tena wapo wanaokuja na hukumu. Ni kweli kwamba tumbaku, ya kuvuta na ya kutafuna, pamoja na pombe, huchangia sana saratani hizi. Hata hivyo wapo wengi wanaougua bila kuzigusa, na aliyezitumia hujilaumu vya kutosha pasipo msaada wa jirani. Lakini lazima aache, kwa maana kuendelea kuvuta huharibu matokeo ya tiba. Hapo mara nyingi husahauliwa kwamba anayeacha kilabu cha pombe huacha pia marafiki wake wote. Asipopata baraza nyingine ya kukaa jioni, atarudi.

Baraza iliyo bora kwake ni ya wenziwe. Nchini Marekani vyama vya watu waliotolewa zoloto viliungana tangu mwaka 1952, na kazi yao mojawapo ni kumtembelea anayesubiri kupasuliwa, ili aone kwa macho yake mtu anayeishi na kusema. Wala msikilizaji si lazima awe daktari. Mwaka 2006, huko Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mpango wa kuwafundisha wanawake wazee kukaa na wenye huzuni kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia kulipambanua tatizo moja baada ya jingine. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba, baada ya miezi 6, waliohudumiwa hivyo walikuwa na dalili chache zaidi za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango ule haukuwa wa saratani, lakini benchi la namna ile halina gharama kubwa.

Si kila huzuni hutulizwa kwa mazungumzo. Majonzi yakidumu majuma mawili na zaidi, mtu asifurahie lolote, asilale, au akaanza kusema kwamba ni heri asingekuwapo, apelekwe kwa mganga wa hospitali. Aulizwe waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimtii wazo, bali humfungulia mlango wa kusema. Watu waliougua saratani hizi wamo katika hatari hiyo kuliko wagonjwa wa saratani nyingine nyingi. Daktari naye akumbuke mambo mawili. Mionzi ya shingo huweza kuidhoofisha tezi ya thairoidi, hata baada ya miaka, na mtu huyo huwa mchovu, mzito wa fikira, mwenye kuhisi baridi. Hufanana sana na mwenye sonona, ilhali anachohitaji ni kipimo cha damu na kidonge cha kila siku. Pili, baadhi ya dawa za zamani za sonona, kama amitriptilini, hukausha kinywa ambacho tayari kimekauka.

Hubaki hofu ya ugonjwa kurudi. Hofu hiyo ina msingi, maana saratani hizi zikirudi, mara nyingi hurudi katika miaka 2 ya kwanza, ndiyo maana mwaka wa kwanza mgonjwa huitwa kuchunguzwa kila baada ya mwezi 1 hadi 3. Siku chache kabla ya safari hiyo hukosa usingizi, hujipapasa shingo, huwa mkali kwa mkewe. Mke huyo, ambaye ndiye huosha tundu la shingoni, hupika mara mbili na huficha machozi yake, mara chache huulizwa hali. Katika safari ya kliniki yafaa waende wawili, na muuguzi atenge dakika chache za kuzungumza na yule asiye na kadi ya matibabu.