SOMO: Mji Mahiri Huanzia kwenye Mita na Taa ya Mtaani

Tarehe 24 Novemba 2024 ilikuwa siku ya mwisho kwa mita za umeme wa kulipia kabla zilizokuwa hazijaboreshwa, si Tanzania pekee bali duniani kote. Hesabu ya muda iliyomo ndani ya mita hizo, iliyoanzia mwaka 1993, ilifikia kikomo siku hiyo. Wateja wa LUKU waliponunua umeme walipewa makundi matatu ya tarakimu 20: mawili ya kwanza ya kuiboresha mita, na la tatu la umeme wenyewe. Mita isiyoboreshwa isingepokea tena umeme mpya.

Tukio hilo lafaa kuwa mlango wa somo hili. Mji mahiri ni mji unaotumia taarifa na vifaa vya kisasa ili huduma zimfikie mwananchi kwa wakati na kwa gharama nafuu. Hata hivyo, kifaa hakijitoshelezi. Mita milioni nyingi zilinusurika kwa sababu taasisi ilitoa maelekezo mapema na wananchi wakayatekeleza majumbani mwao. Ubunifu huleta chombo. Sera huamua nani atanufaika nacho, nani atakilipia na nani atakitunza.

Taa za barabarani

Chukua mfano wa mtaa wenye taa 40 za sodiamu, kila moja ikiwa ya wati 250. Zikiwaka saa 12 kwa usiku, kila taa hutumia uniti 3. Zikibadilishwa kuwa taa za LED za wati 100, kila taa hutumia uniti 1.2. Mtaa huokoa uniti 72 kila usiku, sawa na uniti 26,280 kwa mwaka. Huo ni ubunifu.

Sera huingia pale inapoulizwa fedha hizo zilizookolewa zinakwenda wapi. Taa ya sola haina ankara ya umeme, lakini betri yake huchoka na hulazimika kubadilishwa. Pasipo fungu la matengenezo katika bajeti, nguzo hubaki imesimama gizani, na mama lishe anayefunga biashara usiku hurudi nyumbani kwa hofu ileile ya zamani. Ni vema pia mkazi ajue mwenye barabara: TANROADS husimamia barabara kuu na za mikoa, ilhali TARURA husimamia barabara za mijini na vijijini. Taarifa ya taa iliyozimika ikipelekwa pasipohusika huchelewa kufanyiwa kazi.

Jiko na bei ya umeme

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Sufuria ya umeme ya presha ni msaada mkubwa, kwa kuwa huweza kuivisha maharage kwa chini ya uniti moja.

Lakini bei nayo ina kauli yake. Katika bei zilizoidhinishwa na EWURA mwaka 2016, mteja mdogo wa kundi la D1 hulipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, kabla ya kodi na tozo. Kila uniti ya ziada hutozwa shilingi 350. Kaya iliyokuwa ikitumia uniti 60 hulipa shilingi 6,000. Ikianza kupikia umeme na kuongeza uniti 30, hufikia uniti 90: shilingi 7,500 kwa uniti 75 za kwanza, na shilingi 5,250 kwa 15 zilizobaki, jumla shilingi 12,750. Matumizi yameongezeka kwa nusu, malipo yamezidi maradufu.

Haina maana kwamba mkaa ni nafuu. Kila kaya yaweza kulinganisha nyongeza hiyo ya shilingi 6,750 na fedha inazotumia kununua mkaa kwa mwezi. Maana yake ni kwamba kikomo kilichowekwa ili kumlinda mwenye kipato kidogo chaweza kumkwaza siku anapoitikia wito wa kuacha mkaa. Sera mbili njema zisipopatanishwa, mwananchi ndiye hubeba tofauti.

Nafasi ya mkazi

Upangaji wa bei si jambo la siri. EWURA huitisha mikutano ya kukusanya maoni kabla ya kuidhinisha bei mpya, na mwananchi anayo haki ya kusikilizwa. Vivyo hivyo, vipaumbele vya maendeleo huibuliwa katika mikutano ya mitaa na vijiji, hupitia Kamati ya Maendeleo ya Kata na kufikishwa kwenye Halmashauri. Mkazi anayefika mkutanoni na hesabu mkononi husikika kuliko anayefika na malalamiko matupu.

Maswali ya kujadili mtaani

1. Kaya yako hutumia uniti ngapi kwa mwezi, na iko umbali gani kutoka uniti 75?
2. Ni taa ngapi za mtaa wenu zimezimika, na zipo kwenye barabara ya nani?
3. Mradi wa taa ukiletwa, ni nani atalipia betri au balbu baada ya miaka mitano?