Parachuti Isiyovuja Ina Hatari Zake: Maswali na Majibu

Fundi wa parachuti akikabidhiwa kitambaa kipya, kati ya mambo ya kwanza anayotaka kujua ni kiasi cha hewa kitakachopenya ndani yake. Wasomaji wengi hushangaa kusikia hivyo, kwa kuwa tumezoea kudhani kwamba kazi ya parachuti ni kuzuia hewa, basi. Maswali yafuatayo yanahusu kitambaa hicho, na yanahusu zaidi ile sekunde moja au mbili ambazo parachuti hutoka kuwa furushi ikawa paa juu ya kichwa cha mtu.

Swali: Mtaalamu, mtu anayeanguka hana muda wa kupoteza. Kwa nini parachuti isitengenezwe ifunguke papo hapo?

Jibu: Kwa sababu ingemuua. Tufanye hesabu pamoja. Chukua mrukaji ambaye, yeye na vifaa vyake, ana kilo 100. Mpe parachuti ya duara yenye kipenyo cha mita 8.5, ambacho ndicho kipimo cha C-9, parachuti ya dharura ya marubani wa kijeshi wa Marekani. Karibu na usawa wa bahari itamshusha kwa mwendo wa mita 6 hivi kwa sekunde. Kabla haijafunguka, mtu anayeanguka kifudifudi huenda mita 55 kwa sekunde, karibu kilomita 200 kwa saa, yaani mara tisa ya mwendo huo wa kutulia. Ukinzani wa hewa nao hukua kwa mraba wa kasi. Tisa mara tisa ni 81. Kama kitambaa chote kingetanda kwa mkupuo, mrukaji angevutwa kwa nguvu ya tani nane, mara 80 ya uzito wake. Kamba zingekatika au kitambaa kingechanika. Na kama vyote viwili vingehimili, mwili usingehimili.

Kinachomwokoa ni kule kuchelewa. Parachuti hujaa kidogo kidogo, na muda wote inapojaa inampunguzia kasi, hivyo inapofika ukubwa wake kamili mrukaji haendi tena mita 55 kwa sekunde. Wabunifu wana kanuni nyepesi ya kukadiria jambo hili: parachuti ya duara ya kitambaa kizima hujaa baada ya kwenda umbali wa takriban mara nane ya kipenyo chake. Zingatia kwamba kanuni inasema umbali. Kwa mrukaji wetu ni mita 68, ambazo kwa kasi yake ya mwanzo ni sekunde moja na robo. Anayeanza kwa kasi maradufu hupata nusu ya muda huo.

Swali: Ndani ya sekunde hiyo moja hutokea nini hasa?

Jibu: Mengi, na kwa mpangilio maalumu. Kwanza kamba hunyooka, kitambaa kikaning'inia juu yake kama soksi ndefu iliyofunguka chini. Hewa huingia mdomoni, hukimbia hadi utosini, hugonga mwisho na kuanza kujikusanya pale. Bonge hilo la hewa hupanuka kwenda pembeni na kushuka kuelekea pindo. Mwanzoni mambo huenda taratibu kwa kuwa mdomo bado ni mdogo. Lakini kadiri sehemu ya juu inavyotanuka ndivyo mdomo unavyovutwa ukapanuka, hewa zaidi ikaingia, na robo ya mwisho ya kazi hukamilika kwa ghafla. Hapo ndipo mrukaji anapohisi mshtuko. Kitambaa hupitiliza umbo lake la kawaida, kisha hurudi.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii. Parachuti inapopungua kasi, hewa iliyokuwa ikiburutwa nyuma yake haijapata habari hiyo. Inaendelea na mwendo wake, inaifikia parachuti kutoka juu na kuubonyeza utosi. Mzigo ukipunguzwa kasi kwa haraka mno, parachuti inaweza hata kusinyaa kwa muda kwa kupigwa na hewa yake yenyewe.

Katika hatua zote hizo kuna mizani moja: hewa inayoingia mdomoni dhidi ya inayotoka kupitia kitambaa na tundu la utosini. Ikiingia nyingi kuliko inayotoka, parachuti hukua. Zikilingana kabla ya kitambaa kutanda, hukwama.

Swali: Upenyaji huo wa hewa hupimwaje?

Jibu: Kipande cha kitambaa hubanwa kwenye mashine, upande mmoja ukawa na shinikizo kubwa kidogo kuliko wa pili, kisha hupimwa hewa inayopita. Tofauti ya shinikizo iliyozoeleka ni paskali 125, sawa na kimo cha maji cha milimita 12.7 tu. Nailoni ya parachuti za duara za kijeshi za Marekani hutakiwa kupitisha futi za ujazo 80 hadi 120 kwa dakika katika kila futi ya mraba. Kwa vipimo vyetu, ni kama nusu mita ya ujazo kwa sekunde katika kila mita ya mraba. Kitambaa kilichopitishwa kati ya rola za moto zikazilaza nyuzi zake hupitisha chini ya futi 3, na kilichopakwa silikoni hakipitishi kitu.

Namba hizo ni nzuri kwa kulinganisha jora moja na jingine, ila zisikudanganye kwamba zinaeleza kinachotokea angani. Mrukaji wetu anaposhuka kwa utulivu, shinikizo kwenye kitambaa chake ni paskali 17 hivi. Mwanzoni mwa kufunguka, hewa inayomkabili ina uwezo wa kusukuma kwa paskali 1,800. Kote kuwili tuko mbali na 125. Isitoshe, kwa shinikizo dogo kinachotawala kwenye vitundu vya kitambaa ni mnato wa hewa, na kwa shinikizo kubwa ni kasi na uzito wake, kwa hiyo huwezi kuzidisha tu ukapata jibu. Halafu kitambaa kikivutwa, nyuzi huachana na vitundu hukua. Mimi humwamini zaidi mtu aliyekidondosha kitambaa kutoka kwenye ndege kuliko aliyekipima mezani peke yake.

Swali: Tundu la utosini lina kazi gani? Si lingezibwa tu?

Jibu: Muulize André-Jacques Garnerin. Tarehe 22 Oktoba 1797, mjini Paris, Mfaransa huyo alipanda kwa puto hadi karibu mita 1,000 juu ya bustani ya Monceau, akalikata puto na kushuka kwa parachuti ya hariri isiyo na tundu. Alifika salama, ila kikapu chake kiliyumba vibaya njia nzima.

Sababu ni kwamba hewa iliyozuiliwa lazima itafute pa kutokea. Hariri ile iliyosukwa kwa kubana ilipitisha hewa kidogo, kwa hiyo hewa ilimwagika pindoni na kujikunja nyuma ya kitambaa ikawa mizunguko mikubwa. Mizunguko hiyo hubanduka kwa zamu, mara upande huu, mara ule, na kila unapobanduka mmoja parachuti huvutwa upande wake. Ukiruhusu hewa ipenye kwenye kitambaa chenyewe, vijito vyake huivunjavunja mizunguko ile kabla haijawa mikubwa. Tundu la utosini husaidia katika hilo, na pia hupunguza mkazo pale juu, mahali ambapo bonge la kwanza la hewa hugonga.

Tofauti inapimika. Parachuti bapa ya duara ya kitambaa kizima huweza kuyumba kati ya digrii 10 na 40. Iliyotengenezwa kwa mikanda yenye nafasi katikati haizidi digrii 3.

Swali: Basi kwa nini tusitoboe zaidi na zaidi?

Jibu: Kwa sababu ile mizani niliyoitaja itageuka. Kila parachuti ina kasi ambayo ukiivuka haitafunguka kabisa: hewa inayotoka inalingana na inayoingia, utosi unajaa kidogo, na sehemu iliyobaki inaning'inia imebanana. Waingereza huiita hali hii “hali ya ngisi”. Kitambaa kikipenyeza hewa sana, kasi hiyo ya ukomo hushuka, hadi inakuwa ile ambayo mrukaji anayo. Anabaki na parachuti iliyotoka vizuri kwenye mkoba wake, haijapinda wala kusokotana, na isiyomsaidia chochote.

Kazi kubwa ya kutafuta kipimo cha kati ilifanyika Stuttgart, Ujerumani, katika miaka ya 1930, ambako Georg Madelung na Theodor Knacke walibuni parachuti ya mikanda. Badala ya kutegemea vitundu vya kitambaa, ambavyo hubadilika kila kinapovutwa, walipanga nafasi wazi kati ya mkanda na mkanda, nafasi unayoweza kuipima kwa rula. Parachuti ikawa tulivu na yenye kustahimili kasi kubwa. Gharama yake ni kwamba inazuia hewa kidogo: kigezo chake cha ukinzani ni kama 0.5, wakati duara la kitambaa kizima hufika 0.75 au 0.8, kwa hiyo kwa kazi ileile unahitaji eneo kubwa zaidi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Knacke alihamia Marekani, akashiriki katika kubuni parachuti za chombo cha anga cha Apollo. Chombo kile kilitulizwa kwanza na parachuti mbili za mikanda zenye kipenyo cha mita 5, ndipo zikafuata tatu kubwa za mita 25, ambazo pindo zake zilifungwa kwa kamba zisitanuke zote mara moja; visu vidogo vya baruti vilizikata kamba hizo kwa hatua. Tarehe 7 Agosti 1971 moja ya zile tatu za Apollo 15 ilisinyaa, na mbili zilizobaki zikawafikisha wanaanga baharini wakiwa hai.

Swali: Nilidhani juu sana, hewa ikiwa nyepesi, mshtuko wa kufunguka ungekuwa mdogo. Ni kweli?

Jibu: Ni kinyume chake, na kuna daktari aliyejifunza hilo kwa mwili wake. Randolph Lovelace wa jeshi la Marekani alitaka kuhakikisha kwamba mtu anaweza kuruka kutoka juu sana akiwa na chupa ya oksijeni. Tarehe 24 Juni 1943 aliruka kutoka kwenye ndege ya B-17, zaidi ya mita 12,000 juu ya jimbo la Washington. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuruka. Parachuti ilipofunguka, mshtuko ulimzimisha na kumvua glavu, na mkono wake ukaungua kwa baridi.

Katika kimo hicho hewa ina robo tu ya uzito wake wa usawa wa bahari. Ili isukume kwa nguvu ileile, mtu lazima awe anakwenda kasi maradufu. Parachuti inajaa kwa umbali uleule, kwa hiyo katika nusu ya muda. Na katika umbali huo inakusanya hewa kidogo, isiyotosha kumpunguzia mtu kasi kabla kitambaa hakijatanda. Anaisogelea ile hesabu ya kutisha niliyoanza nayo. Juu ya yote hayo, mnato huwa na nguvu zaidi katika hewa nyepesi, na kitambaa kilekile huvuja kidogo kwa kulinganisha na chini.

Ndiyo maana parachuti za Mirihi, ambako hewa ni kama asilimia 1 ya yetu, hutegemea nafasi wazi: duara la kitambaa juu, pengo, kisha mkanda mpana chini. Umbo hilo lilitumika kwa Viking mwaka 1976, na kwa kipenyo cha mita 21.5 kwa Curiosity mwaka 2012 na Perseverance mwaka 2021. Katika jaribio la roketi la Septemba 2018, parachuti ya namna hiyo yenye kilo 81 ilijaa kwa sekunde 0.4 na kubeba nguvu ya karibu tani 32.

Huku kwetu tofauti ni ndogo, lakini ipo. Parachuti inayokushusha pwani ya Diani itakushusha kwa kasi iliyozidi kwa asilimia 8 hivi ukiitumia katika kimo cha Nairobi.

Swali: Na zile za mstatili wanazotumia warukaji wa burudani?

Jibu: Hizo ni mabawa. Domina Jalbert alizibuni Marekani miaka ya 1960: vyumba vya kitambaa vilivyo wazi mbele, hewa ikiingia vinakakamaa. Bawa likivuja hupoteza umbo, kwa hiyo kitambaa chake hakitakiwi kupitisha hewa. Kazi ya kuchelewesha imepewa kipande cha kitambaa chenye pete nne ambamo kamba hupita: hewa hukisukuma juu, kamba hukilazimisha kushuka, na mashindano hayo hukupa sekunde tatu au nne.

Swali: Nimeuziwa parachuti ya zamani inayoonekana nzima. Niiamini?

Jibu: Usiiamini kwa macho. Jua hudhoofisha nailoni bila kuichana, na kitambaa kisichopakwa silikoni huanza kupenyeza hewa baada ya kurukiwa mara mamia, nyuzi zikiwa zimesogeleana na kuachana kila mara kilipokunjwa. Bawa la namna hiyo hufunguka, huruka, halafu wakati wa kutua ukivuta breki halikuinui inavyotakiwa. Mpelekee fundi mwenye leseni akapime upenyaji wa kitambaa na nguvu ya mishono, na kama hana mashine ya kupimia, tafuta mwingine.