Volkano ni yetu, mbona udongo unanata?

Swali: Nalima bonde la Lambwe, Homa Bay. Tunaambiwa udongo wa volkano ni laini, na milima ya Gwassi ni volkano. Mbona wangu ni mweusi, unanata masika na kupasuka kiangazi?

Jibu: Ndugu mkulima, jivu la volkano peke yake halitoshi, hali ya hewa na umri ndivyo huamua. Kwenye miteremko ya juu ya Mlima Kenya, katika baridi na ukungu wa misitu, jivu limegeuka udongo mwepesi wenye mboji tele. Hata huo una kasoro: hung'ang'ania fosforasi, mimea ikaikosa.

Kwenu, volkano ya Kisingiri iliyoacha milima hiyo ya Gwassi, yenye kitovu chake Rangwa, ilizimika mamilioni ya miaka iliyopita. Tangu hapo joto, mvua na kiangazi vikipokezana vimezalisha bondeni udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka.

Huenda virutubisho vingi unavyo, kinachokusumbua zaidi ni maji. Usilime udongo ukiwa umelowa. Bonyeza donge: likinata vidoleni, subiri; likimeguka, ingia shambani. Inua matuta, chimba mifereji, weka samadi, panda mtama au pamba. Wala usiige mbolea ya jirani wa Migori: miamba ya upande wa Macalder ni mikongwe zaidi na ya asili nyingine. Pima udongo wako kwanza.