Somo la Mwezi: Nyani Wawili wa Adili

Someni kwanza: Mwanzo 37:12-28 na 45:1-15, Kumbukumbu la Torati 18:9-14 na 19:15-19, Matendo ya Mitume 8:9-24.



Katika darasa la kipaimara tulikuwa tumemaliza kusoma hadithi ya Adili na Nduguze. Kijana mmoja akanyosha mkono, akauliza: "Mwalimu, mbona uchawi wa kitabuni mnatuambia tuusome, na uchawi wa kijijini mnatuambia ni dhambi?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, kwani swali lilikuwa la haki. Nilimwomba anipe siku chache nifikiri. Somo hili ndilo jibu langu kwake, na kwetu sote.

1. Hadithi yenyewe

Adili na Nduguze kiliandikwa na Shaaban Robert wa Tanga (1909-1962), Mwislamu mcha Mungu, tena mwalimu wa Kiswahili wa sisi sote. Kilitolewa mwaka 1952. Mwenye kuzijua hadithi za Alfu-Lela-Ulela ataona jamaa yake humo, lakini nchi ya Ughaibu na mfalme wake Rai ni nchi ya kubuni. Haimo katika ramani.

Adili alikuwa na ndugu wawili, Hasidi na Mwivu. Majina yenyewe yasema. Kila walipopoteza mali, Adili aliwagawia yake. Katika safari aliona kiumbe mdogo akifukuzwa na kiumbe mkubwa, akamhurumia mnyonge, akamwokoa. Kumbe yule mnyonge hakuwa mnyama wa kawaida. Alikuwa Huria, binti wa kijini. Baadaye Adili alifika katika mji ambao watu wake walikuwa wamegeuka mawe, akamkuta binti mmoja tu aliyesalia hai, jina lake Mwelekevu, akamchukua ili awe mchumba wake. Nduguze waliona wivu, wakamtupa Adili baharini usiku. Huria akaja, akamwokoa, akawageuza wale wawili kuwa nyani. Kisha akamwamuru Adili awapige mijeledi kila usiku. Kama angeacha, adhabu ingemrudia yeye mwenyewe.

2. Kanuni za uchawi ule

Mtu akisoma kwa haraka hudhani kwamba katika hadithi za namna hii lolote laweza kutokea. Sivyo. Mtunzi mzuri huwekea uchawi wake sheria, kama vile mwamuzi wa mpira alivyo na sheria zake. Tukitazama vizuri twaona sheria tatu.

Kwanza, nguvu si za mtu, wala haziuzwi. Adili hakununua hirizi, hakuchanjwa chale, hakuchinja kuku mweusi. Alitenda wema kwa kiumbe aliyemwona dhaifu, pasipo kujua kwamba atalipwa. Msaada ulimjia kama zawadi. Linganisheni na Simoni wa Samaria, aliyewaletea Mitume fedha ili auziwe kipawa cha Roho Mtakatifu. Petro alimkemea vikali.

Pili, adhabu hufuata tendo lililotendwa. Hasidi na Mwivu hawakuadhibiwa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, au kwa sababu walikuwa wazee, au kwa sababu mtu fulani aliota ndoto. Walimtupa ndugu yao baharini. Aliyetupwa alikuwa hai na aliwajua waliomtupa. Hakuna mahali katika jambo hilo ambapo jina la mkosaji lilitafutwa kwa ramli.

Tatu, nguvu zile zina mpaka. Huria aliweza kugeuza umbo, lakini hakuweza kuuvunja undugu. Adili aliwapiga nyani wale huku akilia. Baada ya kuwapiga aliwalisha na kuwabembeleza. Mjeledi uliwaumiza wao mwilini, ukamwumiza yeye moyoni. Basi tazameni ajabu hii: asiye na hatia ndiye aliyekosa usingizi kila usiku kwa sababu ya adhabu ya wenye hatia. Mtunzi atufundisha kwamba kisasi, hata kiwe cha haki, humfunga pia yule anayekitekeleza.

3. Ni nini kilichowafungua?

Je, Adili alitafuta mganga mwenye nguvu kuliko Huria? La. Mfalme Rai alipogundua siri ya kila usiku alisikitika, akaingilia kati kuwaombea, na Hasidi na Mwivu wakarudishiwa umbo la binadamu. Fundo lililofungwa kwa uchawi lilifunguliwa kwa maombezi.

Miaka miwili kabla ya kitabu hicho, yaani mwaka 1950, C. S. Lewis, Mwanglikana mlei aliyefundisha Oxford huko Uingereza, alitoa hadithi ya watoto juu ya nchi ya kubuni iitwayo Narnia. Huko pia uchawi una sheria. Mtoto Edmund aliwasaliti ndugu zake, na mchawi aliyeitawala nchi kwa baridi isiyokwisha alikuwa na haki, kwa sheria ya tangu zamani, kudai damu ya kila msaliti. Simba Aslan hakubisha kwamba sheria ipo. Alijitoa yeye auawe badala ya mtoto. Mchawi hakujua kwamba iko sheria nyingine, ya kale zaidi kuliko ile: asiye na hatia akifa kwa hiari badala ya msaliti, meza ya kuchinjia hupasuka na mauti yenyewe hurudi nyuma. Msomaji Mkristo hahitaji kuambiwa habari hiyo imetoka wapi.

Waandishi hao wawili, mmoja Mwislamu wa Tanga na mwingine Mkristo wa Oxford, waliishi mbali na kila mmoja alikuwa na imani yake. Lakini wote wawili waliona kwamba uchawi waweza kuadhibu tu, kusamehe hauwezi. Ndivyo ilivyokuwa kwa Yusufu pia. Alikuwa na mamlaka yote ya Misri mkononi mwake, na nduguze waliomtupa shimoni walikuwa mbele yake wakitetemeka. Hakuwageuza kitu. Alilia kwa sauti, akawakumbatia.

4. Na sisi wa Ubaruku?

Sasa narudi kwa swali la kijana wangu. Katika kitabu, mtunzi ndiye aliyeweka sheria, naye ajua nani mkosaji. Huku kwetu mpiga ramli hajui, ila hujifanya kujua. Mpunga wa jirani ukistawi kuliko wako, husemwa amefanya dawa; hatutazami mbegu yake, palizi yake, na usiku aliokesha mferejini akingoja zamu ya maji. Duka likifilisika, husemwa ni chuma ulete, na daftari la mikopo halifunguliwi likasomwa. Mtoto akishikwa na homa, badala ya kupelekwa kupimwa malaria, hutafutwa bibi wa kulaumiwa.

Nasema kwa uchungu. Namjua mama mzee mmoja, mshiriki mwenzetu, ambaye ukoo wake ulikwenda kupiga ramli baada ya msiba. Jina lake likatajwa. Hakuna aliyemwona akitenda lolote. Wajukuu wakakatazwa kula kwake. Mwishowe akahamia kijiji kingine, kwa binti yake. Mahali pake kanisani ni patupu. Na baadhi ya waliochanga fedha za ramli tulipiga magoti pamoja nao mezani pa Bwana Jumapili iliyofuata.

Watu hupenda kunukuu Kumbukumbu la Torati 18 dhidi ya mchawi. Someni vizuri orodha ile. Mtazama bao na mwenye kubashiri wamo katika orodha hiyo hiyo. Tunamfukuza bibi kwa aya hiyo, na yule aliyemtaja tunamlipa! Kisha geuzeni ukurasa mpaka sura ya 19: shahidi mmoja hatoshi kumtia mtu hatiani, wanatakiwa wawili au watatu, na shahidi wa uongo atatendewa lile alilokusudia kumtenda ndugu yake. Ramli haina hata shahidi mmoja.

Msidhani ni jambo dogo la kifamilia. Katika nchi yetu wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na ndugu zetu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa sababu ya waganga walioahidi utajiri. Ndiyo maana mwezi Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli.

Sisemi kwamba hakuna nguvu za giza. Maandiko yanazitaja, na katika ubatizo tulizikana. Nasema kwamba aliyezikana hawezi kuzilipa ada ili zimwonyeshe adui.

Basi kijana wangu, soma Adili na Nduguze bila hofu. Uchawi wake ni kioo cha kutuonyesha wivu wetu. Ramli ni kisu.

Maswali ya kujadiliana nyumbani na katika vikundi

1. Kwa nini Adili aliwalisha wale aliolazimishwa kuwapiga? Je, tunao "nyani" tunaowapiga kila usiku mioyoni mwetu?
2. Yusufu, Adili na Edmund: nani alisamehe, nani alisamehewa, na kwa gharama ya nani?
3. Likitokea gonjwa au hasara katika ukoo, hatua tatu za kwanza za Mkristo ziwe zipi?
4. Yuko nani katika mtaa wetu aliyeacha kuja kanisani kwa sababu jina lake lilitajwa? Nani atakwenda kumwamkia juma hili?

Swali la nne lisijibiwe kwa maneno tu. Mimi nimekwisha kuuliza nauli ya kwenda kwa yule mama. Anayetaka kufuatana nami anione baada ya ibada.

Mwalimu mstaafu, Ubaruku